Jeneza, Tosta na Masikio ya Bwana Alvin Zapalac

Kabla sijataja miaka na tarehe, kama inavyotakiwa katika ukurasa wa kumuaga mtu ndani ya ratiba kama hii, naomba niungame jambo ambalo sijamwambia mtu, hata mama yangu. Jeneza imekufa. Amplifaya ile nyeusi inayokaa jukwaani nyuma ya kiti cha Bwana Dalton Hyzak, ambayo mmeipigia makofi Jumamosi kumi mfululizo, haijatoa sauti yake yenyewe tangu tarehe 13 Julai. Ilipokufa nilikuwa peke yangu nayo nyuma ya pazia, na sikusema.

Sasa niende kwa utaratibu.

Bwana Alvin Zapalac anastaafu leo, Jumamosi tarehe 28 Septemba 2019, baada ya kuwa fundi mitambo wa Ukumbi wa Dansi wa Lhota, Texas, kwa miaka arobaini na moja na miezi minne. Alianza Mei 1978, akiwa na umri wa miaka thelathini, kwa makubaliano kwamba angeshikilia kazi hadi pamba ivunwe. Pamba ilivunwa. Tangu hapo amekosa dansi moja tu, ile ya siku aliyooa, na hata siku hiyo alipita na suti yake ya arusi kuangalia nani amegusa vitufe vyake.

Nyaya zote zilizomo ndani ya kuta hizi alizipitisha yeye. Hatumii utepe wa plastiki, maana anasema gundi ni ya watu wasiojua kufunga. Anatumia uzi wa nta, ule wanaoshonea buti, na kwa kuwa anatumia mkono wa kushoto, fundo lake huvutwa upande wa kushoto. Ukiliona popote hapa ukumbini huna haja ya kuuliza limefungwa na nani.

Lakini kazi itakayomfanya akumbukwe ni mlango wa stoo. Juu yake, kwa rangi ya kijani iliyobaki alipopaka trekta, Bwana Zapalac ameandika orodha ya amplifaya za gitaa la pedali, kuanzia iliyo bora hadi iliyo mbaya kabisa. Wageni wa leo ambao hawajakaa karibu na jukwaa wajue kwamba gitaa hilo ni lile linalolala kama meza. Mpigaji huketi, miguu ikiwa kwenye pedali, magoti yakisukuma vyuma vya chini, na mkono mmoja ukiteleza na kipande cha chuma juu ya nyuzi. Sauti yake haikatiki. Inapanda na kushuka kama mtu anayelia kwa adabu. Kwa hiyo amplifaya yake lazima iwe na nguvu nyingi isizozitumia, na spika moja pana ya inchi kumi na tano, na isikwaruze hata ikifunguliwa yote. Vijana wa gitaa la kawaida wanapenda ikikwaruza. Kwa gitaa la pedali, kukwaruza ni kama kutema mate kanisani.

Ya kwanza mlangoni ni Jeneza, kilo thelathini na sita, sanduku lenye kona za chuma, lililoitwa hivyo kwa sababu linabebwa na watu wanne wenye huzuni. Inayofuata ni Shangazi, yenye spika mbili na taa za kioo ndani, tamu sana ikishapata moto, ila inachukua muda kama shangazi anayejiandaa kutoka. Baadaye zinakuja zile za katikati ambazo Bwana Zapalac anasema "hazimuudhi mtu." Chini kuna Nyigu, ambayo nyuzi nyembamba zikipigwa watu wa meza za mbele hushika meno, na Mbwa wa Jirani, inayobweka ukiiongeza sauti. Na mwisho kabisa, chini ya mstari aliouchora mara mbili, kuna Tosta.

Tosta ililetwa na Bwana Hyzak, mpigaji wetu wa gitaa hilo, miaka mitatu iliyopita, alipotoka kufanyiwa upasuaji wa mgongo. Ina uzito wa kilo mbili na nusu na unaweza kuibeba kwapani. Waliokuwepo siku ile wanakumbuka mapokezi yake.

"Dalton," alisema Bwana Zapalac, "hicho umekuja nacho tupige muziki au tuchomee mkate?"

"Nina diski mbili zilizochomoka mgongoni, Alvin. Wewe umechomokwa na nini, mbali na akili?"

"Mimi sijachomokwa. Ndiyo maana nabeba Jeneza."

"Unabebesha Jeneza. Kubeba hujabeba tangu nilipokuwa na nywele."

Mabishano hayo yalidumu miaka mitatu. Katika ukumbi huu kuna ndoa zilizovunjika bila mtu kusema neno, lakini kuhusu amplifaya kila mtu amesema. Mzee mmoja wa meza ya karibu na mlango hakumsalimia shemeji yake tangu Krismasi hadi Pasaka kwa sababu shemeji alisema spika za inchi kumi na mbili nazo zina heri yake. Wote wawili, nimeambiwa, hawapigi chombo chochote.

Pasaka ya mwaka huu kipaza sauti kilipiga mluzi katikati ya dansi ya walsi, na Bwana Zapalac akachelewa kukizima. Labda sekunde nne. Kuanzia hapo maneno yakaanza kutembea kati ya meza ya soseji na meza ya vimkate vitamu vya kolachi: masikio ya Alvin yamekwisha. Ilipofika Juni, wakati mimi nimemaliza shule na nimeajiriwa kumsaidia kukunja waya (Bi. Georgine Orsak, mwenyekiti wetu, alisema nafaa kwa sababu siongei), kamati ilikuwa imeshaamua kuwe na jaribio siku ya sherehe ya Julai. Bwana Hyzak angepiga walsi moja mara mbili, mara moja kwa Tosta na mara moja kwa Jeneza, zote zikiwa nyuma ya pazia. Bwana Zapalac angesikiliza. Akikosea, angekabidhi funguo palepale, mbele ya watu. Akipatia, angebaki hadi Septemba na kuondoka kwa heshima, na Tosta ingefungiwa stoo.

Yeye alikubali bila kubisha. Asubuhi ya siku ile nilimkuta amekaa kwenye ngazi za jukwaa, kofia yake ya kijivu juu ya goti. Aliniuliza jambo moja tu. "Marlena, ndege wa kwenye paa wanaimba leo?" Nikaitikia kwa kichwa kwamba ndiyo. Akasema, "Sawa," akavaa kofia. Walikuwa wanapiga kelele kwelikweli.

Mimi niliwekwa nyuma ya pazia kuchomeka waya. Walsi ya kwanza ilipita kwenye Tosta, na Bwana Zapalac, macho yamefumbwa, akasema, "Mvua kwenye ndoo ya bati. Hiyo ni Tosta." Watu wakacheka. Alikuwa amepatia, na nilifurahi kwa ajili yake hadi nilipobonyeza swichi ya Jeneza. Taa nyekundu haikuwaka. Nikabadilisha fyuzi. Haikuwaka. Nikabadilisha plagi, kisha nikaweka mkono juu ya sanduku, sijui kwa nini, kama mtu anayepima homa.

"Marlena, mpenzi, tuko tayari?" aliuliza Bi. Orsak kutoka upande wa pili.

Nilipaswa kusema hapana. Neno ni fupi. Nilifungua mdomo mbele ya watu mia tatu na pazia, na kilichotoka ni kikohozi. Bwana Hyzak akadhani ndiyo ishara, akaanza kupiga. Gitaa halikutoa sauti, akaacha kupiga, mtu akacheka, na mimi nikafanya kitu pekee ambacho mikono yangu ilikijua: nikarudisha waya kwenye Tosta. Akaanza upya.

Bwana Zapalac alisikiliza walsi yote. Ilipoisha, alisema taratibu, "Hiyo hapo. Hiyo inapumua."

Sitayasahau makofi yale. Mama mmoja wa meza ya saba alijifuta macho kwa kitambaa cha meza. Mzee wa karibu na mlango alisema ameisikia kwenye mbao za sakafu, na shemeji yake akamshika mkono. Bwana Hyzak mwenyewe, ambaye vidole vyake ndivyo vilivyopiga, alisimama akisema, "Alvin, nakuvulia kofia. Ya pili nimeisikia hadi magotini." Ilikuwa Tosta. Ya kwanza ilikuwa Tosta na ya pili ilikuwa Tosta, na tangu siku ile nimejua kwamba sisi watu wa Lhota amplifaya tunaisikiliza kwa macho hata macho yakiwa yamefumbwa.

Watu walipokwenda kula, niliifungua Jeneza kwa nyuma. Spika yake ilikuwa nzima, kilichokufa ni mitambo tu. Nikaiweka Tosta tumboni mwake, nikaiunganisha na spika ile, nikafunga nyaya kwa utepe wa plastiki kwa haraka, nikarudisha kifuniko. Na kwa kuwa Bwana Hyzak angeinua boksi la Tosta kule stoo kuhakikisha limefungiwa kweli, niliweka ndani yake kitu cha uzito unaokaribiana. Akina mama wa jikoni, naomba radhi. Tosta yenu ya mkate mnayoitafuta tangu Julai iko rafu ya tatu.

Hivyo ndivyo msimu bora kabisa wa sauti katika ukumbi huu, kama jarida letu lilivyouita, ulivyopatikana. Wapigaji wawili walisafiri kutoka mbali waje kuisikiliza Jeneza. Mmoja aliniambia siku hizi hawatengenezi tena vitu kama hivi. Nilikubali kwa kichwa.

Kulikuwa na tatizo moja. Jumamosi za mwisho wa Julai, noti za chini zilipopigwa, kitu kilitetema ndani ya sanduku. Nililala vibaya. Jumamosi ya kwanza ya Agosti mtetemo haukuwepo, nikamshukuru Mungu na sikuchunguza. Siku hiyohiyo Bwana Zapalac alikuja na kofia yake ya kijivu ikiwa na tundu pembeni. Akina mama wakamuuliza imekuwaje.

"Ndama kaitafuna," alisema.

"Ndama gani anatafuna mraba, Alvin?"

"Ndama wangu wamesoma."

Juzi Alhamisi kamati ilipitisha kwamba zawadi ya leo ya Bwana Zapalac iwe Jeneza yenyewe. Ukumbi hautakosa kitu, maana Shangazi nyingine imeshanunuliwa, na Bwana Zapalac ameikubali kwa kuitazama. Mimi nilikimbilia jukwaani na bisibisi. Mtu aliyetengeneza vyombo kwa miaka arobaini na moja hawezi kukaa na sanduku nyumbani kwake bila kulifungua, na sikutaka agundue akiwa peke yake, sebuleni, kwamba siku ile ya Julai alichokisifu kilikuwa Tosta.

Nikatoa kifuniko. Utepe wangu wa plastiki haukuwepo. Nyaya zote zilikuwa zimenyooshwa na kufungwa kwa uzi wa nta, mafundo sita, yote yamevutwa kushoto. Chini ya Tosta, ili isitetemeke, palikuwa pamewekwa kitambaa kizito cha kijivu, kilichokatwa mraba.

Alijua tangu Agosti. Jumamosi nane aliisimamia sauti ile, akapokea sifa zake, akamsikiliza Bwana Hyzak akisema kilo thelathini na sita si mchezo, na hakusema neno. Hakunisema mimi. Orodha ya mlangoni hakuigusa, na Tosta bado iko chini ya mistari miwili. Wiki iliyopita kamati ilipomuuliza nani apewe funguo, alinitaja mimi. Bi. Orsak akasema mtoto huyu haongei. Akajibu, "Ndiyo kazi yenyewe, Georgine."

Nimerudisha kifuniko. Sikutoa kitu.

Kwa niaba ya wote waliowahi kucheza, kukonyezana, kugombana na kupatana chini ya paa hili huku sauti ikiwa safi, tunakushukuru, Bwana Zapalac. Ndama wako wanenepe, kofia mpya ikukae vizuri, na kila asubuhi uwasikie ndege wa kwenye paa lako, wote, hata wale wadogo.

Na ninyi mnaosoma, nina ombi. Nakala tatu za ratiba hii, ya Bwana Zapalac, ya Bwana Hyzak na ya Bi. Orsak, nimezichapa zikiwa na majina ya nyimbo za polka za leo badala ya ukurasa huu. Watakapoileta Jeneza mbele, yeye ataweka mkono juu yake na kusema jambo kuhusu vitu vya zamani. Bwana Hyzak atakubaliana naye, na huenda akashika magoti. Mpigeni makofi kama kawaida, wala asiangalie mtu kofia yake. Watu wanne watabeba sanduku hadi kwenye gari lake, na limeongezeka kilo mbili na nusu. Wakiguna, nyamazeni. Mimi nimenyamaza tangu Julai, na yeye tangu Agosti. Tafadhali, na ninyi msimwambie mtu.

Marlena Barta
Msaidizi wa mitambo