Amparo Zepeda Luján na Mkate wa Jana

Jana asubuhi, Jumatano tarehe 12 Machi 2025, mke wangu Amparo Zepeda Luján aliomba mollete, akiwa kwenye kiti cha mikono tulichokuwa tumemsogezea karibu na jiko, blanketi magotini, nami nikampikia, nikapasua mkate kwa urefu, nikapaka maharage, nikaweka jibini juu, nikafunika kikaango. Alinitazama, kisha akasema, "Mhandisi, hayo maharage unayapaka au unayapima?" Nikamwambia ninayapima. "Ndiyo maana yanapoa," akasema. Alikula kipande kidogo, akaniambia jibini imezidi, akafumba macho, na saa kumi alasiri alifariki, mkono wake ukiwa ndani ya mkono wa binti yetu Zulema. Nimeanza na kifungua kinywa hicho kwa sababu ndilo jambo la mwisho la kawaida lililotokea nyumbani kwetu, na kwa sababu yuko mtu hapa makaburini ambaye angependa nianze na jambo lingine.

Kwa desturi, historia hii ya marehemu ingesomwa na ndugu wa damu. Ndugu wa pekee wa marehemu aliye hai ni mdogo wake, Rutilio Zepeda, yule aliyesimama upande wa kulia akiwa ameshika kofia, naye aliomba jana jioni apewe heshima hiyo, nami nikamkatalia, na sababu zake mtazisikia kadiri ninavyosoma.

Marehemu alizaliwa tarehe 8 Februari 1958 hapa Acámbaro, katika nyumba iliyoko nyuma ya karakana ya reli, akiwa mtoto wa kwanza wa mzee Celerino Zepeda, fundi wa breki za treni, na mama Otilia Luján, na Rutilio alimfuata miaka mitatu baadaye. Alisoma shule ya msingi ya mtaa wao mpaka akamaliza mwaka 1970, akaingia sekondari, ambako alipenda jiografia na kuchukia kushona, lakini mwaka 1972 mama yake alipooza upande mmoja, ikabidi mtu mmoja abaki nyumbani, na ikaamuliwa kwamba awe yeye, na kwamba Rutilio aendelee na masomo. Rutilio aliendelea mwaka mmoja, akaacha mwenyewe.

Mwaka 1974 aliajiriwa kwenye duka la mkate lililokuwa karibu na daraja, akawa nyuma ya kaunta mpaka mwaka 1981, na ni hapo alipojua tabia ya mkate, kwamba ukitoka tanuri ni wa kuliwa mkavu njiani, na kwamba siku ya pili ganda lake hushikana na linaweza kubeba kitu kizito bila kulowa. Mimi nilikuwa nimetoka chuo kikuu, mpima ardhi kwenye barabara ya kwenda Salvatierra, nikifika dukani jioni nikiwa na vumbi mpaka kwenye kope, naye alikuwa akiniuzia mkate wa jana bila kuniambia. Nilipogundua nikalalamika. "Umeula wiki mbili na hukusema kitu," akaniambia, "sasa leo ndiyo una ulimi?" Tulifunga ndoa tarehe 24 Oktoba 1981, na Mungu alitujalia watoto wawili, Zulema, aliyezaliwa mwaka 1983, na Heriberto, aliyezaliwa mwaka 1987, ambaye yuko Dallas na anatusikiliza kwa simu iliyo mkononi mwa dada yake.

Mollete ambazo wengi wenu mmezila zilianzia nyumbani kwetu, wala si kwingine. Watoto walikuwa wanaamka wamechelewa, shule iko mbali, na mama yao alikuwa na mkate wa jana, sufuria ya maharage, kipande cha jibini na kachumbari, na kabla sijamaliza kunyoa ndevu kila mmoja alikuwa ameshika yake, nusu mkate wenye maharage na jibini iliyoyeyuka, anakula huku anafungwa viatu. Majirani walianza kuwaleta watoto wao. Heriberto alikuwa akisimama mlangoni na kuwaambia wenzake, "Ukitaka kuingia, sema mama yangu ndiye anayepika vizuri kuliko mama yako," na wapo waliokataa wakaenda shule na njaa.

Mwaka 1994 Rutilio alipunguzwa kazini kwenye reli, akaja nyumbani kwetu kwa wiki kadhaa mfululizo saa ya kifungua kinywa, akiwatazama watoto wakila, na mwisho akasema, "Dada, hiki kitu watu wangekipanga foleni." Alikuwa na chumba cha mbele cha nyumba ya wazazi, kinachotazamana na soko. Akakifanya mgahawa, na dada yake akaingia jikoni, akawa wa kwanza kufika kila siku, akichemsha na kukaanga maharage peke yake kabla wasaidizi hawajaja, kwa miaka kumi na saba. Foleni ilikuja kama alivyotabiri. Naomba niseme jambo moja kwa usahihi, kwa kuwa ni kazi yangu kusema mambo kwa usahihi: katika miaka hiyo yote Rutilio hakuwahi kuonja maharage yaliyokuwa yanamlisha. Maharage yanamsumbua tumbo tangu utoto.

Mwaka 2011, kwenye sikukuu ya mkate, mgahawa ule ulipewa tuzo ya kifungua kinywa bora cha mji, na Rutilio akapanda jukwaani akiwa na tai. Mtangazaji alimwuliza nani aliyebuni mapishi yale. Akajibu kwamba aliyabuni mwenyewe akiwa kijana, kwenye jiko la makuli wa reli. Mtangazaji akamnyooshea kidole mke wangu, aliyekuwa mbele kabisa na nguo yake mpya, akauliza, "Na huyu bibi?" Rutilio akasema kwenye kipaza sauti, "Huyo ni dada yangu, ananisaidia kuosha vyombo." Watu walipiga makofi. Wengi wa waliopiga makofi wako hapa, na siwalaumu, kwa sababu hawakujua.

Amparo aliniuliza, "Umesikia?"

Nikamwambia nimesikia.

"Basi twende nyumbani, nina vyombo vya kuosha."

Hakurudi tena kwenye mgahawa ule, wala hakumtukana mtu. Rutilio alipoulizwa alisema kwamba mkono wa dada yake umezeeka, kwamba alikuwa anazidisha chumvi, na kwa hiyo amempumzisha. Kisha akaandikisha ukuta mzima kwa rangi nyekundu: Mollete Asilia za Don Rutilio. Ukuta huo mnaupita kila siku. Mnajua pia kilichotokea chini yake, mkate unalowa kabla haujafika mezani, maharage yanateleza mpaka kwenye kiwiko, na mke wangu alipoambiwa habari hizo alikuwa akiuliza tu, "Mkate wa leo au wa jana?" na akiambiwa ni wa leo, wa moto, wenye kunukia, alitikisa kichwa, kwa sababu katika mji unaojivunia mkate wake hakuna anayediriki kumpa mteja mkate wa jana, na hilo ndilo kosa la kwanza. La pili hakumwambia mtu mpaka wiki iliyopita.

Mwezi Septemba 2024 alianza kuumwa tumbo na mgongo, akapungua, na baada ya vipimo tuliambiwa ni saratani ya kongosho, na kwamba ilikuwa imekwisha kusambaa. Alipata matibabu mpaka mwezi Januari, akaomba yasimamishwe, nasi tukamrudisha nyumbani.

Rutilio alikuja kumwona mara moja. Ilikuwa mwezi Februari, siku ya Jumapili, alileta machungwa. Alikaa, akauliza hali, akasifu mapazia, kisha akasogeza kiti.

"Dada, kuna kitu kinakosekana kwenye maharage."

"Mimi si nazidisha chumvi, Tilo? Utaniulizaje mimi?"

"Dada, yale yamepita."

"Yamepita wapi? Mimi nilikuwa hapa hapa, sikuyaona yakipita."

Akazungusha kofia yake magotini, kisha akasema kwamba wateja wamepungua sana. Mke wangu alimtazama kwa huruma ambayo mimi, baada ya miaka arobaini na mitatu ya ndoa, niliitambua kuwa si huruma. "Haya, mdogo wangu," akamwambia, "tia sukari guru. Kipande kikubwa, ngumi nzima kwa sufuria." Rutilio alimbusu kwenye paji la uso, akaondoka haraka. Na kwa kuwa mwenye mgahawa haonji, sukari ile ilikaa kwenye maharage wiki nzima kabla mteja mmoja hajamrudishia sahani na kumwuliza kama ni kifungua kinywa au ni keki. Nilipomletea Amparo habari hiyo alicheka mpaka ikabidi nimshike mbavu, na muuguzi akadhani ni maumivu.

Jana jioni, kabla ya rozari ya kwanza, mwili ukiwa sebuleni, Rutilio alinivuta pembeni karibu na friji. Alikuwa analia, nami siamini kwamba alikuwa anaigiza. Akasema, "Shemeji, nataka nimuenzi. Nipe picha yake nzuri niiweke ukutani, nifute jina langu, niandike Mollete za Amparo. Watu watakuja. Na kama alikuachia ile siri ya maharage, hiyo ibaki kwenye familia."

Nilimwuliza kama kesho atafunga mgahawa.

"Kesho soko linajaa, shemeji. Lakini nitatundika utepe mweusi mlangoni."

Nikamwambia atapata jibu langu kesho.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia marehemu, hususan waliotuambia ukweli mapema, majirani wa mtaa wetu waliopika, waliofua na walioleta viti na kahawa ya mdalasini, wenzangu wa ofisi ya upimaji waliokuja na gari la kubeba maua, na padre wa parokia yetu. Familia inawashukuru wasaidizi wa jikoni waliofanya kazi na marehemu kuanzia mwaka 1994 hadi 2011, ambao walijua na waliogopa kusema. Shukrani za familia zinaishia hapo.

Amparo, kazi yako imekwisha na maumivu yako yamekwisha, pumzika, na amani ikulinde.

Limebaki jambo moja, kwa kuwa najua mmekuwa mkinong'onezana tangu asubuhi kwamba mgane alitoka akaiacha maiti sebuleni. Ni kweli. Mama wa ubatizo wa Zulema alinizuia mlangoni, akasema, "Mume haondoki nyumbani mkewe akiwa amelazwa, watu watasema." Nikamwambia waseme. Nilibeba mfuko wa mikate ya jana, nikaenda sokoni, kwa mama Refugio, ambaye kibanda chake kinatazamana na mlango wa Rutilio, nikamwomba aniazime jiko.

Mama Refugio alivua aproni yake, akanifunga mwenyewe. Nilipasua mkate kwa urefu, nikatoa ile nyama laini ya ndani ya mkate kwa vidole, na alipotaka kuitupa kwenye ndoo nikamshika mkono. Niliikaanga kwenye mafuta ya nguruwe mpaka ikawa kahawia na kunukia kama njugu, nikaiponda ndani ya maharage pamoja na maji yake kidogo, yakawa mazito, yakashikana. Nikapaka siagi kwenye mkate, nikaubanika kwanza uso wake wa ndani, kisha maharage, kisha jibini, kisha nikafunika mpaka jibini ikayeyuka, na kachumbari nikaiweka mwisho kabisa, baada ya kuichuja maji. Ni kazi ya robo saa, na yeyote mwenye jiko anaiweza nyumbani kwake.

"Miaka yote hiyo," mama Refugio akasema, "nilidhani huo ulaini anawapelekea kuku."

"Na mdogo wake alidhani hivyo hivyo," nikasema.

Nilikuwa napaka maharage ya sahani ya pili Rutilio alipotoka chini ya utepe wake mweusi, taulo begani, akavuka barabara.

"Shemeji, unafanya nini hapa? Leo?"

"Natimiza agizo la dada yako."

"Kwa Refugio?"

"Nimeanza kwa Refugio."

Akaniambia, kwa sauti ndogo, wateja wake wakitazama dirishani, kwamba mimi si Zepeda na kitu hiki si changu kugawa. Nikamwomba asogee, alikuwa ananizibia mwanga. Kutoka hapo nilikwenda kwenye kibanda cha pili, na cha tatu, na kabla ya saa nne mbao tatu za soko zilikuwa zimeandikwa kwa chaki, Mollete za Amparo Zepeda, kwa hiyo jina hilo halipo tena kwa ajili ya ukuta wowote mwingine. Agizo lake alinipa wiki iliyopita, pamoja na siri ya maharage, akiwa na akili timamu, nalo lilikuwa hili: "Mpe kila mtu, Fermín, na Tilo awe wa mwisho kujua." Sasa amejua. Kisha nilirudi nyumbani, nikaosha mikono, nikakaa karibu na mke wangu.