Maji Kwanza: Mwanamke Aliyelikatalia Vumbi

Kamati ya mazishi imeniomba nisome kwa ufupi na kwa upole. Kwa ufupi nitajaribu. Mimi ni mdogo wake marehemu, tumbo moja, na nimepewa kazi hii kwa sababu sauti yangu haihitaji kipaza sauti. Jana kwenye kikao, shemeji yetu, kaka mkubwa wa hayati mume wa dada yangu, alitoa hoja kwamba tukishatoka hapa makaburini, mashine iliyoko katika chumba cha kufulia itolewe, ikatwe, iuzwe kwa watu wa vyuma chakavu, kwa kuwa kazi ile ndiyo iliyomuua dada yangu. Wengi waliinamisha vichwa, na wengine wakasema ni kweli. Mimi nilisema nitajibu leo, mbele ya mwenyewe. Kwa hiyo huu mnaousikia ni wasifu wa marehemu, na ni jibu pia.

Marehemu alizaliwa tarehe 11 Mei 1956, mtoto wa kwanza kati ya wanne, katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya karakana ya reli. Baba yetu alikuwa akitia grisi magurudumu ya mabehewa, mama alikuwa mshonaji. Mama alitusimulia mara nyingi kwamba huyu wa kwanza alitoka amekunja ngumi zote mbili, na mkunga akauliza anataka kupigana na nani. Sisi wengine tulitoka tumelala.

Alianza shule ya msingi mwaka 1964 na kumaliza mwaka 1971. Ilipofika zamu ya masomo ya kazi, wavulana walipewa tupa na vipande vya chuma, wasichana wakapewa sindano na vitambaa. Akanyoosha mkono kuuliza kwa nini. Mwalimu akamjibu kwamba chuma ni kigumu kwa mikono ya msichana. "Kwani sindano imetengenezwa kwa ndizi, mwalimu?" Alipewa adhabu ya kufagia uwanja, akaufagia wote, akarudi darasani na swali lile lile. Sindano nayo aliijua, alishona vizuri sana, ila kwa hasira. Aliendelea na sekondari kwa miaka miwili, hadi baba alipopunguzwa kazini na ada ikakosekana.

Tarehe 3 Februari 1975 aliajiriwa katika dobi la hospitali, na huko alifanya kazi hadi alipostaafu mwezi Juni 2006. Wapo waliodhani kufua mashuka ya wagonjwa ni kazi ya kuonea haya. Yeye aliingia kila asubuhi na kitambaa kilichonyooshwa pasi kichwani. Mafundi wa mitambo walipochelewa, na walichelewa kila mara, alifungua pampu mwenyewe, akasafisha machujio, akabadilisha mipira ya mabomba. Alikuwa akisema uchafu haupigwi, unabembelezwa na maji mpaka ukubali kuondoka. Maneno hayo yashikeni, tutayahitaji mbele.

Aliolewa tarehe 15 Desemba 1979 na mwanamume mpole, mcheshi wa chinichini, ambaye kazi yake ilikuwa kuondoa kutu kwenye matangi makubwa, katika yadi moja, kwa mchanga mkavu unaorushwa na upepo wa kompresa. Walijaliwa watoto wawili, wa kiume mwaka 1981 na wa kike mwaka 1985. Jioni baba wa watoto alirudi mweupe hadi kope, na watoto wakamkimbilia wakimwita babu. Tulicheka sote. Nguo zake zilikung'utwa nje ya mlango, na dada yangu akazifua, na maji ya kwanza siku zote yalikuwa kama uji. Mwaka 1994 alianza kukohoa. Tarehe 9 Agosti 1998 alifariki, akiwa na mapafu ambayo daktari alisema yamekakamaa kwa vumbi.

Msimamizi wa yadi ile alikuja kutoa pole, akaketi, akasema kwa sauti ya huruma kwamba ndiyo hivyo, sigara ni mbaya. Shemeji, wewe ulikuwepo. Ndugu yako hakuwahi kushika sigara maishani mwake, hata ya kumwashia mwenzake. Dada yangu, akiwa kwenye mkeka wa msiba, alimgeukia yule bwana akamwambia, "Sigara gani? Itaje." Bwana akasema mchanga ni mchanga tu, hata watoto wanauchezea. "Basi chukua gunia moja ukawape wa kwako." Bwana alitafuta viatu vyake akaondoka bila kumaliza chai. Siku hiyo marehemu aliapa kwamba vumbi la mchanga halitaingia tena katika nyumba yake, na wanaomjua wanajua kwamba kiapo chake hakikuwa cha kupozea moyo.

Haukupita mwaka, fundi wa pikipiki akapanga uwanja wa jirani. Alikuwa na pipa lililokatwa juu, bomba na kompresa, na alisafisha kava za injini kuukuu kwa mchanga mkavu, amejifunga kitambaa mdomoni. Vumbi lilivuka ukuta na kutua kwenye nguo zilizoanikwa. Hilo lingeweza kusamehewa. Kilichomwinua dada yangu kitini ni kikohozi. Alikijua. Alikuwa amelala nacho kitanda kimoja miaka minne. Akatoka, akazunguka ukuta.

"We fundi, umeanza lini kukohoa hivyo?"

"Aa, mama, mafua tu haya."

"Mafua ya miezi mingapi?"

Fundi akageuka pembeni kukohoa tena.

"Zima hicho kidude. Hizo kava nipe mimi."

"Sasa mama, utazifanyia nini? Utazifua?"

"Ndiyo. Nitazifua."

Wakatafuta jokofu kuukuu la bucha, lile la kulaza chini, wakaliweka katika chumba chake cha kufulia. Kwenye mlango wakakata dirisha, wakatia kioo. Kwenye ubavu wakatoboa matundu mawili wakafunga glavu ndefu za mpira, ili mikono iingie ndani na pumzi ibaki nje. Chini wakaweka pampu ya kuvuta maji yaliyochanganywa na punje za kioo, laini mfano wa chumvi, na kompresa ikayasukuma maji hayo kupitia bomba la mkononi. Kioo kilipofunikwa na matope hata asione kitu, alifunga ndani yake waipa ya gari, akawa anaivuta kwa kamba huku akikaza macho. Kava iliyoingia nyeusi kwa oili na kutu ya miaka ilitoka na rangi ya fedha iliyotulia, na hewani hapakuwa na kitu isipokuwa harufu ya chuma kibichi. Mteja aliyeleta haraka zake, akitaka kava ipulizwe kavu mara moja aende zake, alijibiwa maneno mawili tu: maji kwanza. Ndipo mtaa ukampa jina hilo. Wanasema mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Huyu alitia maji kabla hajasifiwa na mtu, na akaendelea kuyatia hata waliposema ni mwendawazimu.

Nisiwadanganye kwamba hakukosea. Injini ya kwanza aliyoisafisha yote ilikuwa ya muuza maziwa. Ilirudi inang'aa, mwenyewe akapanda pikipiki yake kwa maringo, na siku ya pili injini ikajifunga njiani. Punje za kioo zilikuwa zimebaki ndani ya tundu la oili, na punje moja mahali pale inatosha kula injini nzima. Dada yangu hakutafuta wa kumtupia lawama. Injini ilipokuwa ikitengenezwa upya, alijitwika madumu ya maziwa kichwani akazunguka na mwenye mali nyumba kwa nyumba, kabla ya kwenda dobini, mpaka pikipiki ikatembea tena. Tangu hapo hakuna kipande kilichotoka kwake bila kupitishwa uzi mweupe katika kila tundu. Uzi ukitoka na punje, kazi inaanza upya, hata mwenye kipande akilia.

Na matundu yale aliyaziba kabla ya kuanza kazi, kwa vizibo alivyochonga mwenyewe kutoka kandambili. Hapa naona watu wanatazamana. Ndiyo. Mliopotelewa na kandambili mlangoni kwake mnajijua. Mkwe wake alikuja kujitambulisha rasmi, akiwa amevaa vizuri, akaondoka na mguu mmoja pekupeku. Hakuthubutu kuuliza, maana alikuwa bado hajapewa jibu.

Mwezi Machi mwaka huu wa 2023 marehemu alianza kupungua mwili na kuumwa tumbo. Uvumi ukatangulia mbele ya vipimo: ni kifua, ni ile mashine, yamempata ya mumewe. Hospitalini alidai apigwe picha ya mapafu kabla ya kitu kingine chochote. Daktari akaiinua kwenye mwanga, akaitazama sana, akasema, "Mama, kifua chako ni kisafi kuliko changu." Dada yangu akaomba apewe ile picha. Akaitundika dirishani katika chumba cha kufulia, juu ya mashine, ili kila aingiaye aione jua likipita katikati yake. Ugonjwa ulikuwa uvimbe kwenye kongosho, ambao hauchagui dobi wala karani. Aliupokea kwa uchungu. Alilia, nilikuwepo, hakuwa jiwe. Lakini aliendelea kuingiza mikono kwenye zile glavu akiwa ameketi kwenye stuli, hadi mikono ilipokataa, na binti yake akaingiza ya kwake. Alifariki mchana wa tarehe 2 Septemba 2023, kitandani kwake, dirisha likiwa wazi kama alivyotaka.

Sasa nalifikia jibu langu. Shemeji, utani wetu ni wa siku nyingi, kwa hiyo nitakuanika na utanisamehe. Ndani ya mashine unayotaka ikatwe ipo kava moja. Ni ya upande wa kushoto, ya pikipiki aliyowaachia baba yenu, ina kovu la kuchomelea pale wewe na mdogo wako mlipoanguka nayo mkiwa vijana. Uliileta mwenyewe mwezi Aprili, umeifunga kwenye gazeti, saa ambayo ulidhani nyumba nzima imekwenda harusini. Mimi nilikuwa jikoni. "Shemeji, nasikia unafua vyuma," ukamwambia. Akakujibu, "Unasikia tangu mwaka elfu mbili." Ukasema, "Basi ukipata nafasi." Naye akasema, "Nafasi ipo. Na foleni ipo pia." Mlicheka, nyie wawili, kwa mara ya kwanza tangu tulipomzika mumewe. Na foleni hakukuweka, shemeji. Kava yako ndiyo iliyokuwa mikononi mwake siku mikono ilipokataa. Nusu imekuwa nyeupe, nusu bado nyeusi. Kovu liko upande uliosafishwa.

Jana, kikao kilipokwisha, ulinifuata ukaniambia kwa sauti ya chini: "Nimemzika mdogo wangu, sasa namzika mkewe. Huyu binti sitaki kumzika." Maneno hayo yalinichoma, kwa sababu si ya chuki. Ni ya mtu anayependa na anayeogopa. Lakini woga wako umekosea nyumba. Yadi iliyomuua ndugu yako bado ipo. Ukipita saa hizi utawasikia, vijana wa watu wamejifunga vitambaa mdomoni, weupe hadi kope, na watoto wao jioni watawaita babu. Yadi hiyo haikuitiwa kikao. Kinachotakiwa kukatwa ni kitu pekee katika mtaa huu kilichojengwa ili mtu afanye kazi ya chuma na abaki hai? Yule fundi wa ng'ambo ya ukuta yuko hapa, mstari wa tatu, shati la buluu. Alianza kukohoa kabla dada yangu hajamfungia pipa lake. Fundi, hebu simama, vuta pumzi watu waone. Ahsante, kaa.

Kwa hiyo mashine haitoki. Haikatwi, haiuzwi, haiguswi na mtu asiyejua kuiosha. Siombi kura. Natangaza.

Marehemu ameacha mtoto wa kiume, mhasibu, ambaye alimfanyia mama yake mahesabu na bado akanyang'anywa kandambili, mtoto wa kike, ambaye kuanzia Jumatatu atakuwa katika chumba cha kufulia saa mbili asubuhi, wajukuu wanne, mkwe mmoja mvumilivu, mdogo wake ambaye ni mimi, ndugu wengine wakiwa wametangulia, na shemeji mmoja, ambaye kava yake itamaliziwa wiki ijayo kwa maji na kwa uzi mweupe. Shemeji, uje kuichukua mwenyewe, mchana, bila gazeti. Na uje umevaa kandambili, maana vizibo vimepungua.

Dada yangu, wewe pumzika kwa amani, umefanya kazi ya kutosha. Mashine yako haipumziki.