Jina la Nzigire mbele ya Notere

Mukuje karibu, batoto bangu, sauti yangu haifiki tena mbali. Mulume, zima redio. Joséphine, niinue kidogo kwenye muto. Na wewe Nzigire, toka kule mulangoni, ukae hapa kitandani, juu maneno ya leo yanakugusa kuliko bote.

Nimechoka, na si ugonjwa peke yake. Kutafuta muntu wa kuniandikia wosia kumenichosha kuliko miaka yote niliyovuka mupaka wa Ruhwa na mizigo ya vitenge. Avoka, yule wakili wa Kamembe, alinitajia bei yake, nikaomba maji ya kunywa, nikarudi nyumbani. Kisha nikapata muandishi mumoja pembeni ya soko, muntu wa bei ndogo na maneno matamu, nikamuambia nyumba hii na shamba la kahawa la Rwimbogo, batoto bangu bagawane sawasawa. Akaandika vile vile, nikatia alama ya kidole, nikajiona mujanja kweli.

Joséphine ndiye alinisumbua. Alisema karatasi ya sokoni itakuja kukataliwa, niende kwa notere wa sekta, yule wa serikali wa kuhakikisha karatasi, kule hawalipishi kama avoka. Nilinuna siku nzima, lakini nilienda. Notere ni maman mumoja mpole. Akaisoma karatasi, akaniuliza batoto bangu ni bangapi, nikajibu batatu. Akatazama kwenye kompyuta yake, akatazama tena.

"Mzee Cubaka," akasema, "hapa naona babili tu. Nzigire ni wa nani?"

Nikamuambia kwa hasira ni wangu, ni wa ndugu yangu Mukengere aliyekaa Bukavu. Kwetu mutoto wa ndugu yako ni mutoto wako, hana jina lingine. Mukengere alipokufa, Nzigire alikuwa hajaota meno, na mama yenu alimubeba mugongoni bila kungoja kikao cha jamaa. Lakini notere akanieleza polepole kwamba siku nikifunga macho, sheria itasoma "batoto bangu" na kumuona Mulume na Joséphine peke yao. Karatasi yangu ya bei ndogo ilikuwa inamufukuza Nzigire humu ndani, na kidole kilichokuwa pale ni changu.

Basi ile tuliichana. Mpya inasema jina kwa jina: Mulume, Joséphine, Nzigire, kila mumoja sehemu yake, na bashahidi bametia sahihi. Nakala moja iko biro ya sekta, ofisini kwa notere, moja anayo Joséphine.

Mulume, wewe uliisoma ile ya kwanza, ukaelewa, ukanyamaza. Tena nimesikia ulivyomuambia muke wako kwamba Nzigire ana kwao Bukavu. Kwao ni hapa. Iliniuma sana, mutoto wangu, lakini sina tena nguvu ya kukasirika, na sitaki kwenda na hasira juu yako kifuani.

Kusudi sheria imulinde, notere alilazimika kuandika "Nzigire, mutoto wa ndugu yake". Nilikubali, na nililia mbele yake bila haya. Maneno hayo yakae kule biro. Muntu asiyaseme humu ndani hata siku moja.

Sasa musikie la mwisho. Siku ya kunizika, padri akiita batoto ba marehemu kutia udongo, Nzigire asisimame nyuma na jamaa. Mulume, wewe mukubwa, utamushika mukono umulete mbele, bantu bote baone. Nimekuambia wewe, si Joséphine.

Mungu abalinde. Abape usingizi wa amani, na chakula, na... ngojeni nipumue. Abape mioyo ya kusikilizana, kama mama yenu alivyotaka. Mikono yenu iko wapi? Macho yanakuwa mazito.

Mulume. Mbona umekaa mbali na Nzigire hivyo? Sogea. Sogea tena kidogo, mutoto wangu, karibu na dada yako.