Mwalimu Zebedayo Hakufa kwa Ajali

Baba Mchungaji, wazee wetu shikamooni, ndugu zetu Waislamu asalaam alaykum, wafiwa na majirani wote wa Maramba, mimi ni Lea, mdogo wake marehemu, na familia imenituma niwasomee maisha ya kaka yetu, Mwalimu Zebedayo Elisa Hoza.

Alizaliwa tarehe 2 Mei 1972 huko Amani, mtoto wa kwanza wa marehemu Elisa Hoza, kibarua wa shamba la chai, na mama yetu Elizabeti, ambaye amekaa hapa mbele na anasikia vizuri kuliko vijana wengi.

Alianza shule ya msingi mwaka 1980. Alipokuwa darasa la sita, mwalimu wa Kiswahili alimsimamisha ataje aina za maneno, akataja nomino, akataja kitenzi na kivumishi, alipofika kwenye kielezi akababaika, akapigwa kofi la sikio likamwangusha, akapigwa mateke akiwa chini mpaka damu ikamtoka sikioni, na aliporudi nyumbani baba akamwongezea, kwa kuwa siku zile aliyepigwa shuleni alihesabiwa ana deni nyumbani. Sikio la kulia halikusikia tena. Mimi nilikuwa mdogo, niliiona damu ile, na hasira yangu haijaisha hadi leo.

Alimaliza sekondari jijini Tanga mwaka 1993, akasomea ualimu, na tangu mwaka 1996 alifundisha sarufi na fasihi hapahapa Maramba, bila kumchapa mtoto wa mtu hata mara moja. Wazazi mlimlalamikia kwamba anawadekeza watoto wenu, na Mzee Idarusi, Mungu ampe umri mrefu, alimkatia fimbo nzuri ya mpera akampelekea hadi darasani, kaka akashukuru sana, akaitumia kuonyeshea ubaoni. Ngeli za majina aliwafundisha kwa kuwagawa uwanjani, kila kundi likiita viambishi vyake kwa sauti, na tashbihi aliwatuma wakazisikilize gulioni, kwa wauza samaki na wauza mitumba.

Tarehe 7 Novemba 1998 alifunga ndoa takatifu na shemeji yetu Bertha, wakajaliwa watoto wawili, Brightness mwaka 2000 na Luka mwaka 2004.

Hapa ndipo desturi inanitaka nisome kuugua kwake, lakini kaka hakuugua. Jana jioni baadhi ya wazee wa mtaa walikuja nyumbani, wakazungumza nasi kwa upole, wakaomba tuseme amefariki kwa ajali, ili tuzike kwanza na tuendelee kuishi vizuri. Kaka aliwafundisha watoto wenu tafsida, yaani neno laini linalofunika jambo gumu, na aliwaambia limewekwa kumpunguzia mfiwa uchungu, si kumfichia mtu alichokifanya. Tunajua kesho Bertha atanunua sukari kwenye maduka yenu, na tunaogopa, lakini Mama Elizabeti amesema isomwe kama ilivyokuwa.

Siku ya Jumamosi, tarehe 14 Juni 2025, saa tano asubuhi, Ayubu, fundi ujenzi aliyewahi kuwa mwanafunzi wake, alisimama gulioni na pikipiki aliyoazimwa na shemeji yake ili abebe saruji, mtu mmoja akapiga kelele za mwizi, na kabla hajaulizwa jina alikuwa chini, amevunjwa mguu kwa nondo, tairi limeshaletwa na petroli imeshamwagwa. Kaka alipita katikati ya watu, akamlalia juu, akawaita waliokuwa mbele kwa majina yao, kwa maana wengi aliwafundisha. Mlimfahamu. Hakuna aliyeuliza huyu ni nani. Mkaendelea kwa matofali na magongo, mgongoni, mbavuni, kichwani, mpaka sauti yake ikakatika, na mliacha tu pale mwenye pikipiki alipofika anakimbia akiwapigia kelele kwamba ni yake na amemwazima Ayubu.

Alilazwa hospitali jijini Tanga, fuvu likiwa limepasuka, na alikata roho Jumanne tarehe 17 Juni, Bertha akiwa amemshika mkono. Ayubu yupo pale kwenye kiti, na mguu wake wa bandeji.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliopigania uhai wake, walimu wenzake waliochangia damu, kina mama waliolala nasi matangani, masheikh waliokuja kutupa pole, na vijana mliochimba kaburi tangu alfajiri, ingawa baadhi yenu mlikuwa gulioni siku ile, na sisi tunawafahamu.

Sasa tunakwenda kaburini, na Bertha ameomba jambo moja. Aliyemrushia kaka tofali asimtupie udongo. Asimame kando, hatutamuuliza kitu, tutamwona tu, na watoto wake mwenyewe watamwona.

Pumzika, kaka Zebedayo, na Mungu akupe amani ambayo sisi wa Maramba tulikunyima.