Kinu Changu cha Upepo Hakishuki

Wazee wangu, shikamooni. Akina mama wenzangu wa kikundi, mmenisimamisha niseme, basi vumilieni, maana mimi nikianza sinyamazi upesi.

Wengi mnanijua kama yule mjane mwenye helikopta. Cheka tu, mama, hata mimi sasa nacheka. Nilikuwa mjini, Njoro, na marehemu mume wangu, tukisuka koili za mota zilizoungua. Alipofariki nikarudi huku Kilema kwenye kihamba chake, shamba la migomba la ukoo, ambako nguzo za umeme ziliishia mbali chini. Nikasema, upepo upo, mikono ninayo. Nikachonga mapanga matatu ya mbao, nikafunga mota kuukuu juu ya mlingoti, taa ikawaka jikoni kwa mama mkwe.

Tatizo likawa upepo wenyewe. Mchana unapanda kutoka tambarare, jua likishuka unateremka kutoka mlimani, na katikati hapo unayumba kama mlevi. Kinu kikazunguka nao mpaka nyaya zikajisokota na kukatika. Ndugu zangu, nawaambia kosa langu: niliufunga kwa waya mkia wake, ule unaokigeuza kufuata upepo, kitazame chini tu, kitulie. Jioni upepo wa mlimani ukakipiga mgongoni. Panga likang'oka, likaruka mpaka kwa shemeji yangu, likaua mbuzi aliyemnonesha kwa ubatizo wa mjukuu wake.

Nililia. Si kwa mbuzi, kwa aibu.

Ukoo ukakaa. Shemeji akasema, "Lete isale uombe msamaha, na uape hilo lidude halipandi tena." Huku kwetu anayekuja na jani la isale hakataliwi. Nikaenda nalo, na mbuzi mwingine kwenye kamba. Nikapiga magoti.

"Shemeji, isale hili ni la mbuzi wako. Nimekosa, nisamehe. La kinu sikuleta, maana kuwasha taa si kosa."

Mzee mmoja akaguna. Shemeji akapokea jani, akasema, "Kikianguka tena, utashuka nacho Njoro."

Haya. Nikafunga vipande vya kanga kwenye mlingoti, chini hadi juu, nikakaa siku tatu natazama. Vya chini, usawa wa migomba na miti ya kivuli, vilirukaruka ovyo. Cha juu kabisa pekee ndicho kilianza kunyooka. Kumbe mlingoti ulikuwa mfupi! Nikaunganisha bomba jingine. Fundi wa kuchomelea wa Bomang'ombe akanitengenezea bawaba: upepo ukizidi, mkia unajikunja na kichwa kinageuka ubavu, ukipungua, kinarudi.

Ikaja siku ya upepo mkali. Shemeji akasimama mpakani kutazama. Migomba yangu minne ililala chini. Mkia ukajikunja, kichwa kikageuka, mapanga yakapunguza mwendo, kisha yakarudi kazini. Shemeji akageuka kwenda zake, nami nikapiga kigelegele makusudi asikie.

Namshukuru mama mkwe, aliyevuta kamba ya mlingoti mpaka viganja vikachubuka, huku wanaume wazima wamekaa wakinicheka. Namshukuru yule fundi. Na nyinyi mlioniletea ndizi siku zile sina hamu hata ya kupika, Mungu awabariki.

Nililojifunza ni hili: ukivunja cha mtu, piga magoti na ulipe. Lakini usimwombe mtu msamaha kwa kuthubutu. Jumamosi nasimamisha kinu cha pili, kikubwa kuliko hiki. Mwenye mikono aje avute kamba. Mwenye maneno abaki kwake.