Docteur Annonciata na Damu ya Watu Wawili

Mheshimiwa Mkurugenzi wa hospitali, Mheshimiwa Padri, waheshimiwa madaktari, wanafunzi wa maabara, ndugu wageni waalikwa, na wewe Docteur Annonciata tunayekuaga leo unapostaafu: nawasalimu wote.

Mimi ni Apolline Katungu, muuza vitenge wa mtaa wa Birere. Wenzake Docteur wamekwisha kutaja vyeo vyake. Mimi nimeombwa niseme alichoitendea nyumba yangu, na mume wangu Kambere, aliyeketi pale mbele, amekubali niseme yote.

Tulipooana, mimba zangu zilitoka moja baada ya nyingine. Ya tatu ilipotoka, wakubwa wa ukoo waliamua kushuka kutoka Butembo kufanya kikao. Nani aliuliza kosa ni la nani? Hakuna. Kambere alikuwa atafutiwe bibi mwingine. Ndipo daktari wa uzazi akatutuma kwa Docteur Annonciata, kwenye maabara yake.

Alitutoa damu sote. Nikashangaa: "Na yeye kwa nini? Mimba si ni yangu?"

Akanijibu, "Mama Apolline, mutoto anajengwa na watu wawili."

Wanafunzi, kazi hii mnaijua kuliko mimi. Chembe za damu hukuzwa, husimamishwa zinapoanza kugawanyika, hutiwa rangi na kutazamwa kwa hadubini. Kisha kromosomu, vile vijiti vinavyobeba urithi wa wazazi, hupigwa picha na kupangwa mbili mbili, kubwa hadi ndogo. Zangu zilikuwa arobaini na sita, zote mahali pake. Za Kambere zilikuwa arobaini na sita pia, ila mbili kati yake zilikuwa zimebadilishana vipande. Hakuna kilichopungua, ndiyo maana ana afya. Lakini mtoto hupokea nusu tu kutoka kwa baba, na anaweza kupata kipande pungufu au cha ziada, mimba ikatoka.

Kambere aliichukua picha ya kromosomu zake. Halafu akasema, "Docteur, andika tu kwamba hamukuona kitu. Kule kwetu nitakuwa mwanaume gani?"

Mnadhani Docteur alimgombeza? Alimsogezea kiti. "Papa Kambere, uongo sitaandika. Lakini matokeo ni yenu, na mimi sitamwambia mutu. Wa kusema ni wewe."

Kikao kilikaa mtaa wa Katindo, kwa kaka yake Kambere. Nilikuwa nimekwisha kufunga nguo zangu niondoke. Baba yake mdogo alipoanza kunilaumu, Kambere akasimama na ile picha mkononi: "Bibi yangu hana kosa. Shida inatoka kwangu."

Baba mdogo akasema picha ile haimhusu. Aliyemjibu ni mama mkwe wangu, Mama Sikuli: "Mimi nilipoteza watoto wawili tumboni, mbele ya kumuzaa Kambere. Walisema nimerogwa. Munipeleke kwa huyo docteur."

Tukampeleka. Kromosomu zake zilikuwa kama za mwanawe. Akauliza, "Basi ni mimi niliwaua?"

Docteur akamshika mikono yote miwili. "Hapana, mama. Hukuchagua, na hakuna mutu aliyekuchagulia. Tena ulimzaa Kambere, huyu hapa."

Tangu siku ile, habari ya bibi mwingine haikuzungumzwa tena. Tulipoteza mimba moja zaidi, sitawaficha. Safari hiyo Kambere alikaa kando ya kitanda changu mpaka nikaruhusiwa. Baadaye tukampata Micheline, na sasa anasoma shule ya msingi.

Docteur, kuna jambo hujalisikia bado. Mama Sikuli magoti yanamsumbua, hakuweza kuja, lakini amenituma nikuambie. Katika Misa ya marehemu, mwaka uliopita, alisimama kanisani akawataja wale watoto wake wawili kwa majina. Hata mume wake hakujua kwamba alikuwa amewapa majina.

Kwa hiyo, kwa niaba yake na yetu sote, aksanti sana Docteur. Pumzika vizuri. Nanyi mliotulia mkanisikiliza mpaka mwisho, Mungu awabariki.