Moteur ya Papa Antoine

Nje ya saluni ya Maman Cécile, pale Matonge, mtaa wa Wakongo huku Ubelgiji, kuna benchi lenye mafundi na wanasheria wengi kuliko mji mzima, ila kazini haendi hata mmoja. Nami ni mkaaji wa pale, nasema ninachokijua. Jumatano ile tulikuwa na thermos ya kahawa na balaa la Papa Antoine: kamioneti yake, inayobeba viti na masufuria ya matanga na harusi za watu, imekataliwa contrôle, ule ukaguzi wa magari wa kila mwaka. Alitoa moteur, yaani injini, ya zamani akaweka ya gari lingine, sasa karatasi zinasema hivi na boneti inasema vile. Na Jumamosi anaolewa binti yake, Océane.

— Bila ile gari nimekufa, akasema Papa Antoine. Viti nitabeba na kichwa?

— Tulia, papa, akasema Dady, tunayemwita Ingénieur kwa sababu aliwahi kubadilisha balbu hapo saluni. Bale bantu banapima moshi tu. Donc, usipashe moteur. Ikiwa baridi, moshi inalala.

— Bongo, uongo mutupu! akadakia Freddy, mzee wa Kibelgiji aliyezaliwa Likasi, kule Kongo. Weka mawese kidogo kwa mafuta. Moshi itanukia pondu, kisamvu ya mama, batasikia njaa, batakuachilia.

— Alors, avae costume, suti ya harusi, akasema mwingine wa benchi. Muntu mwenye cravate shingoni hawamufungulii capot ya gari.

— Aende na pasta, aweke mukono kwa moteur, akaongeza wa tatu.

— Pasta moja atafanya nini? Apeleke chorale nzima! Bakiimba, nani atasikia moteur?

Papa Antoine alikuwa akiitikia kwa kichwa kila neno. Jamani, alikuwa anaamini! Iliniuma, lakini nikanywa kahawa yangu.

Hapo akatoka Kasoki, binti aliyeanza kazi saluni siku hiyo, taulo begani.

— Ba papa, munisamehe. Ile moteur ya zamani, contrôle walikuwa wanaikataa?

— Hapana, akasema Papa Antoine. Ilipita kila mwaka. Ingénieur ndiye aliona imezeeka.

— Bon. Si uirudishe? Iko wapi?

Freddy akaanza kusafisha miwani. Sisi wengine tulikuwa tumeshaona video kwenye simu ya Dady: moteur ile ile iko Lubumbashi, kwa shemeji ya Dady, imefungwa kwenye kinu, inasaga mahindi, inanguruma raha mustarehe. Siku ya video, Papa Antoine hakuwepo, alikuwa amepeleka viti kwa watu.

— Eh, huyu mutoto ana akili! akasema Papa Antoine, na uso wake ukachangamka kwa mara ya kwanza tangu asubuhi. Ingénieur, si ulisema utanitunzia kwa garage ya rafiki yako? Twende basi tuichukue. Iko wapi?

Dady akainamisha thermos juu ya kikombe chake. Haikutoka hata tone, naye akaendelea kuishikilia vilevile.